«La vie est belle»: bwana mmoja, bibi wawili na boyi mwenye likembe

KINDU – Tajiri mmoja wa Kinshasa ana diskoteki, ana pesa, ana bibi wa ndoa. Kitu kimoja tu kinamkosa: nguvu ya kiume imemwacha. Anakwenda kwa mganga. Mganga anamwagiza aoe msichana ambaye hajajua mwanamume, kisha asimguse kwa muda wa siku 30. Tajiri anatii. Anapata msichana, anaoa, anaanza kuhesabu siku. Wakati yeye anahesabu, boyi wa nyumba yake hahesabu kitu: yeye anaimba, na msichana anasikiliza.

Hiyo ndiyo «La vie est belle», filamu ya mapenzi na kicheko iliyotoka mwaka 1987, wakati inchi ingali inaitwa Zaïre. Waongozaji wake ni wawili: Ngangura Mweze, mtoto wa Bukavu aliyezaliwa mwaka 1950, na Mbelgiji Benoît Lamy. Boyi ni Kourou, kijana aliyetoka kijijini na likembe yake akitafuta kupiga muziki wa umeme katika mji mkubwa. Aliyemcheza ni Papa Wemba.

Karibu miaka 40 imepita. Wengi hapa Kindu wanaujua wimbo na jina la filamu kuliko filamu yenyewe. Vijana wanaonunua sinema kwenye flash disk sokoni, au wanaolipa franka chache kukaa kwenye benchi ya salle ya video, wanapata zaidi filamu za vita za Marekani, karate, za Nigeria, na zile za Tanzania. Filamu ya kwao yenye kuchekesha juu ya mambo ya nyumba zao wanaisikia kwa wazee. Ni hasara, maana jambo linalochekwa ndani yake halijazeeka hata kidogo.

Wakati Kindu na Bukavu zilikuwa jimbo moja

Kuna kitu ambacho vijana wa leo hawakiwazi. Mwaka 1987, Maniema haikuwa jimbo. Ilikuwa sehemu ya Kivu, na makao makuu ya Kivu yote yalikuwa Bukavu. Ni mwaka uliofuata, 1988, ndipo Kivu ilikatwa mara tatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na Kindu ikawa makao makuu ya jimbo jipya. Kwa hiyo, filamu hii ilipotoka, mtu wa Kindu na Ngangura Mweze walikuwa watu wa jimbo moja, kwa karatasi za serikali.

Na mwigizaji mkuu je? Papa Wemba, jina lake kamili Shungu Wembadio Pene Kikumba, alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 kule Lubefu, katika Sankuru. Sankuru na Maniema ni majirani wa mpaka mmoja. Yeye alipelekwa Kinshasa akiwa mtoto, akakulia huko, akawa kati ya vijana walioanzisha Zaïko Langa Langa mwisho wa mwaka 1969, halafu akatengeneza orkestri yake Viva la Musica mwaka 1977. Lakini Kourou anaposhuka Kinshasa na macho ya mgeni, aliyebeba jukumu lile ni mtu ambaye familia yake mwenyewe ilifanya safari ya namna hiyo.

Ngangura alisomea kazi ya sinema Ubelgiji, katika shule ya IAD, kisha akarudi kufundisha Kinshasa. Kabla ya filamu hii alikuwa amekwisha kuuchungulia mji ule katika «Kin Kiesse», filamu ya mwaka 1982 juu ya maisha ya Kinshasa, ambamo mchoraji Chéri Samba anaonekana. Mtu wa Bukavu aliyeangalia Kinshasa kama mgeni anaona vitu ambavyo mwenyeji havioni tena. Lamy, kwa upande wake, alikuwa anajulikana kwao kwa filamu ya kuchekesha ya mwaka 1973 juu ya wazee waliowekwa katika nyumba ya kutunzia wazee na kuchoka kuamriwa. Wote wawili walikuwa na tabia moja: kumcheka mkubwa, si kumcheka mdogo.

Nani anachekwa

Tabia hiyo ndiyo inaifanya filamu hii itofautiane na vichekesho vingi juu ya bibi na bwana.

Katika hadithi za namna hii, mara nyingi anayechekwa ni mwanamke. Bibi mkubwa anachekwa sababu ya wivu wake. Bibi mdogo anachekwa sababu ya tamaa yake. Wawili wanashikana nywele uwanjani, majirani wanakusanyika, na bwana anasimama pembeni akiwa amevaa vizuri, kama vile ugomvi ule haumhusu. Hata katika nyimbo za rumba, ni mara ngapi mwanamke anaimbwa kama adui ya mwanamke mwenzake?

«La vie est belle» inageuza kiti. Tajiri Nvouandou, anayechezwa na Kanku Kasongo, ndiye wa kuchekwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Ana kila kitu ambacho mwanaume wa Kinshasa ya Mobutu aliota: klabu ya muziki, wafanyakazi, heshima ya watu wanaotafuta pesa yake. Lakini mtazamaji anajua siri yake ya chumbani, na tangu hapo kila neno kubwa analolisema linakuwa dogo. Anataka kuonekana mwanaume kamili kwa kuongeza bibi, na ni kuongeza bibi huko kunakomvua nguo mbele ya watu. Siku 30 za mganga ni mtego mzuri sana wa kicheko: bwana amelipa mali, amemleta msichana, na sasa anapaswa kukaa akimwangalia tu.

Msichana anaitwa Kabibi, jina ambalo mama yeyote wa mashariki anaweza kumpa binti yake. Anachezwa na Krubwa Bibi. Kourou alikuwa amempenda, na kwa upande wa msichana tajiri hakataliwi kirahisi wakati nyumbani kuna njaa. Filamu haimhukumu. Haimwiti mwizi wa bwana za watu. Inaonyesha tu kwamba pesa imeingia mlangoni kabla ya mapenzi, na kwamba mapenzi yanajua kupitia dirishani.

Naye Mamou, bibi mkubwa, anayechezwa na Landu Nzunzimbu Matshia, si mwanamke wa kunyamaza. Hapo ndipo waandikaji wa filamu walifanya kazi nzuri kuliko yote. Wivu wa Mamou unachekesha, lakini una haki. Mtazamaji anajua kitu ambacho bwana anakificha nyuma ya maneno makubwa: shida si bibi wa kwanza. Kama shida ingekuwa yeye, kwa nini bwana alikwenda kwa mganga?

Pepe Kalle, tembo wa muziki wa Zaïre, anapita ndani ya filamu kama yeye mwenyewe. Muziki unajaa kila mahali. Lakini mwenye kuangalia kwa makini atatambua kwamba muziki si mapambo: ndio mali pekee ambayo Kourou anayo, na ndio kitu pekee ambacho pesa ya Nvouandou haiwezi kukinunua kikabaki kitamu.

Sheria ya mwaka ule ule

Jambo ambalo watu wachache wanalikumbuka ni hili. Mwaka ambao Kinshasa ilikuwa inacheka Nvouandou ndio mwaka ambao serikali ya Zaïre ilitoa Kodi ya Familia: Sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987. Ilianza kutumika mwaka mmoja baadaye.

Sheria hiyo ilisema wazi kwamba mtu aliyeoa hawezi kufunga ndoa nyingine kabla ile ya kwanza haijavunjwa. Halikuwa jambo jipya kabisa: Wabelgiji walikwisha kukataza ndoa mpya za bibi wengi kwa dekreti ya mwaka 1950, iliyoanza kutumika mwanzo wa mwaka 1951. Wengi wanaona kwamba makatazo hayo yalichangia kuzaa ule mtindo ambao Wakongomani wote wanaujua kwa jina la kifaransa, «deuxième bureau», biro ya pili. Bwana hana bibi wa pili kwenye karatasi. Ana biro. Anakwenda «kazini» jioni.

Lakini Kodi hiyo hiyo haikuwapima bibi na bwana kwa kilo moja. Kwa maandishi ya mwaka 1987, mwanamke aliyeolewa akilala na mwanaume mwingine alikuwa na kosa la uzinzi, kwisha maneno. Bwana, yeye, alikuwa na kosa tu kama uzinzi wake ulifanywa katika hali inayofanya uwe tukano kubwa kwa bibi, kwa mfano akiufanyia ndani ya nyumba ya ndoa. Kwa maneno mengine, bwana mwenye adabu ya kujificha alikuwa na nafasi ya kupumua. Sheria ilimweka pia kuwa kichwa cha nyumba, na ilimtaka bibi apate ruhusa ya bwana kwa matendo ya kisheria. Msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15, kijana akiwa na 18.

Ruhusa hiyo ya bwana iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyosahihisha Kodi ya Familia, na leo umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 18 kwa wote wawili. Ilichukua miaka 29. Filamu ilikuwa imemaliza kazi yake kwa dakika zisizofika mia.

Kindu ina sura yake yenyewe katika mambo haya, na si sura ya Kinshasa. Maniema ndiyo sehemu ya Congo ambamo Uislamu una mizizi ya zamani kuliko kwingine, tangu misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, na ndiyo njia ambayo Kiswahili kilipitia pia. Katika familia za Kiislamu za hapa, bibi wa pili si lazima awe siri. Ameolewa mbele ya mashahidi, majirani wanajua jina lake, na dini inamdai bwana agawe sawa: siku, chakula, nguo, nyumba. Mtazamaji wa Kindu akimwona Nvouandou anaweza kusema mara moja kosa lake la kwanza, hata kabla ya kufikia mambo ya mganga: hakuoa kwa ajili ya bibi, alioa kwa ajili ya dawa.

Hata hivyo, mbele ya ofisi ya serikali, bibi wa pili aliyeolewa msikitini na bibi wa pili aliyefichwa Alunguli ng'ambo ya mto wako mahali pamoja. Daftari la ndoa linatambua mmoja.

Ngojeni watoto

Filamu inaishia mahali pazuri, na ni haki yake. Kichekesho hakitaki mazishi. Lakini wakaaji wa Kindu wanajua kwamba hadithi ya bibi wawili haiishii kwa bibi wawili. Inaanza upya siku watoto wao wamekuwa wakubwa.

Ugomvi wa ndugu wa baba mmoja ndio mwendelezo ambao Ngangura hakuupiga picha. Baba yuko hai, watoto wa nyumba mbili wanasalimiana sikukuu, wanaitana mkubwa na mdogo, wanakula sahani moja. Baba akifa, mtu mmoja anauliza: parsele ni ya nani?

Hapa sheria ina jibu ambalo linawashangaza wengi. Kodi ya Familia inaweka katika kundi la kwanza la warithi watoto wote wa marehemu: waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa inje ya ndoa lakini baba akawatambua kisheria akiwa hai, na wale aliowachukua rasmi kuwa watoto wake. Kundi hilo linapata robo tatu za mali. Mtoto wa biro ya pili aliyetambuliwa anasimama sawa na mtoto wa bibi wa ndoa. Asiyetambuliwa anabaki na sura ya baba yake usoni, na mikono mitupu.

Mambo yote, basi, yanasimama juu ya tendo moja dogo ambalo bwana wengi wanaliahirisha: kwenda ofisi ya état-civil na kusema, huyu ni mtoto wangu. Hawaendi, sababu kwenda ni kukiri. Bibi mkubwa atasikia. Ndugu wa bibi watasikia. Kanisa litasikia. Wananyamaza miaka 20, halafu wanakufa, na kimya chao kinakuwa vita kati ya watu wanaofanana pua.

Wajane nao si salama. Katika sheria, mjane yuko kundi la pili, pamoja na wazazi wa marehemu na ndugu zake, hata kama analindwa kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana wake. Lakini katika desturi, mara ngapi ndugu wa marehemu wanafika matangani na kufuli mpya mkononi?

Filamu ya kuchekesha inaweza kufanyiwa hapo pia. Pengine ni pale inapohitajika zaidi. Mtu anayekataa kusikia wakili kuhusu urithi anaweza kukaa saa nzima na nusu akimcheka baba aliyekufa na biro tatu, na watoto saba wanaokutana kwa mara ya kwanza mbele ya sanduku lake, kila mmoja na jina lile lile la ukoo.

Congo ikijifanya Tanzania, na kinyume chake

Wapenzi wa sinema wa Kindu wana sababu nyingine ya kujivuna, ingawa wachache wanaijua. Mtu akipanda mashua Kindu na kufuata Lualaba kwenda chini, baada ya kilomita zaidi ya 300 anafika Ubundu, ile iliyoitwa zamani Ponthierville, mahali ambapo maporomoko yanasimamisha mashua na treni ya Kisangani inaanza. Karibu na hapo, kwenye mto Ruiki, mwongozaji Mmarekani John Huston alipiga kambi mwaka 1951 na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kutengeneza «The African Queen». Ni hadithi ya mlevi mwenye mashua na mwanamke wa misioni anayependa sala, wanaogombana mpaka wanapendana. Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo. Hepburn alikuja kuandika kitabu juu ya taabu zao kule porini, na kitabu hicho kilitoka mwaka 1987 pia. Ni mwaka ambao haukuishiwa.

Kinachochekesha ni kwamba katika filamu ile mto wetu haukuitwa kwa jina lake. Hadithi inafanyika katika koloni ya Wadachi ya Afrika ya Mashariki, maana yake Tanzania ya leo. Congo ilijifanya Tanzania.

Leo mambo yamegeuka. Tanzania ndiyo inaingia nyumba za Wakongomani wa mashariki kwa skrini. Filamu za Dar es Salaam, zile zinazoitwa Bongo Movie, zilimfanya Steven Kanumba kuwa jina la nyumbani toka Kigoma mpaka ng'ambo hii ya Tanganyika, na alipokufa tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, kilio hakikuishia Tanzania. Filamu hizo zinapenda sana mambo haya haya: bwana asiye mwaminifu, rafiki anayechukua mchumba, dada na mdogo wake wakimtaka mwanaume mmoja, mama mkwe asiyelala. Watu wa Kindu wanazifuata vizuri, isipokuwa neno moja moja. Mtanzania akisema «bibi yangu», anasema juu ya mama wa mama yake. Mtu wa Kindu akisema «bibi yangu», anasema juu ya mwanamke aliyemlipia mali. Filamu moja ya mjukuu mwenye heshima inaweza kuchekesha salle nzima ya hapa bila mtengenezaji kukusudia.

Lakini nyumba wanazoziona humo si zao. Hakimu ni wa Tanzania, sheria ya ndoa ni ya Tanzania, ambayo tangu mwaka 1971 inatambua ndoa ya bibi zaidi ya mmoja. Anayejifunza mambo ya ndoa kwenye Bongo Movie anaweza kuingia tribunali ya Kindu akidai haki ambayo inchi yake haimpi.

Na «La vie est belle», iliyotengenezwa na mtoto wa mji wa Kiswahili, inaongea Kifaransa kilichochanganywa na Lingala. Ilikuwa lazima: pesa ilitoka Ulaya, hadithi ni ya Kinshasa. Mama wa Kasuku au Mikelenge ambaye hakusoma Kifaransa anaona sura na kusikia muziki, lakini maneno mengi yanampita. Dar es Salaam watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walijenga kazi nzima kwa kuongea Kiswahili juu ya filamu za kigeni, wakieleza, wakitania, wakiongeza chumvi. Sauti moja nzuri ya Kingwana cha Maniema juu ya filamu hii ingetosha kumrudisha Nvouandou sokoni.

Etalon iliyofika wakati wa giza

Ngangura Mweze aliendelea. Mwaka 1994 alirudi kwao kupiga filamu juu ya ufalme wa Ngweshe, katika Kivu ya Kusini, yenye jina «Le roi, la vache et le bananier». Mwaka 1998 akatoa «Pièces d'identités», juu ya mfalme mzee wa Congo anayekwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake aliyepotea huko tangu utoto. Mwanzoni mwa mwaka 1999, kule Ouagadougou, filamu hiyo ilipewa Etalon de Yennenga, zawadi kubwa kuliko zote za FESPACO.

Nyumbani, nani angesherehekea? Bukavu ilikuwa imechukuliwa na waasi wa RCD na wanajeshi wa Rwanda tangu Agosti 1998. Kindu ilianguka Oktoba ya mwaka huo. Mji wa mwongozaji na mji wa majirani zake walikuwa upande mmoja wa mstari wa vita, Kinshasa upande mwingine.

Tangu wakati ule, dunia inaijua mashariki ya Congo kwa filamu za machozi. Nyingi ni za kweli na za lazima. Ile ya Thierry Michel juu ya daktari Denis Mukwege, ya mwaka 2015, ilikuwa ya kweli kiasi cha serikali kuikataza kwa muda kabla ya kuiachilia. Goma ina kituo cha Yole!Africa, ambako Petna Ndaliko alianzisha tamasha la filamu na kuwafundisha vijana kushika kamera. Hata hivyo, mtu wa inje akiulizwa ataje filamu moja ya mashariki ambamo watu wanapendana, wanadanganyana, wanagombana na kupatana bila bunduki kuingia mlangoni, atakaa kimya muda mrefu. Wakati Kindu yenyewe, jioni yoyote, kwenye baraza yoyote, hadithi za namna hiyo zinasimuliwa bure.

Benoît Lamy alikufa mwaka 2008. Pepe Kalle alikuwa ametangulia, Novemba 1998. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan, usiku wa tarehe 24 Aprili 2016, katika tamasha la FEMUA, akiwa na mikrofoni mbele yake na wacheza ngoma nyuma yake. Alikuwa na miaka 66. Picha za usiku ule zilizunguka dunia yote kwa simu. Zile za Kourou, kijana mwembamba wa kijijini anayemwimbia Kabibi huku tajiri akihesabu siku zake 30, zinapatikana pia kwa simu, kwa mwenye megabaiti za kutosha.